Pimbi na Moyo Usioomba Ruhusa

Pimbi mmoja aliongoza ukoo uliokaa kwenye jabali, na hakupenda jambo lolote lifanyike bila neno lake. Hata waliopanda mwambani kuota jua hawakuruhusiwa kushuka kwenye ufa wa mwamba walimojificha mpaka yeye aseme, "Shukeni."

Asubuhi moja Kinyonga alimwuliza, "Na moyo wako, Mkuu, nani huuruhusu kudunda?"

Swali lile lilimchoma. Akafumba macho, akaweka mkono kifuani na kuanza kuuamuru moyo. "Dunda. Ngoja. Sasa dunda." Moyo ukaendelea na mwendo wake, naye akazidi kufoka.

Kivuli cha tai kikapita juu ya jabali. Pimbi wote wakakiona, wakamtazama mkuu wao, lakini yeye alikuwa bado anagombana na kifua chake. Kivuli kikarudi, safari hii kikiwa kipana zaidi. Hakuna aliyethubutu kusogea.

Mara manyoya yakawasimama, mioyo ikaenda mbio, na kabla hawajajua wanafanya nini, wote walikuwa ndani ya ufa, Mkuu akiwa wa kwanza. Kucha za tai zilikwaruza jiwe tupu.

"Nani ametoa amri ya kushuka?" akauliza Mkuu, huku akitweta.

Kinyonga alikuwa nje, ngozi yake imekwisha kugeuka rangi ya jiwe bila yeye kuiagiza. Akanong'ona, "Uulize moyo wako. Kisha uuambie utulie."

Mkuu akauamuru mara tatu. Moyo ulitulia tai alipokwisha kwenda zake, si kabla.