Unywele wa Kombo

Kisanduku cha mlangoni humjua mtu kwa vumbi la ngozi na nywele zake. Lisipoonekana siku ya ukaguzi, jina lake hufutwa na mlango haumfungukii tena. Huu mwaka wa nne tangu Kombo aondoke, na kila ukaguzi mama yake, Bi Mize, huchomeka kwenye kichujio cha kisanduku unywele mmoja kutoka kitana alichokiacha mwanawe. Jana alichomeka wa mwisho.

Leo fundi wa ukaguzi alizima umeme wa kisanduku, akashika brashi kavu. “Siku hizi tunasafisha kwanza, mama, ndipo tunapima vumbi la waliopo.”

Vumbi lote likaingia mfuko wa taka. Alipowasha tena, jina la Kombo halikuwamo.

“Akirudi je?”

“Si utamfungulia wewe?”

“Na akikuta nishakufa?”

Fundi akainama, akaanza kukaza skrubu.