Mfereji wa Leodegar

Vijiti vya kuonyesha njia ya mfereji vilikuwa vimesimama wiki nzima, na hapakuwa na jembe lililogusa udongo.

Leodegar, mwanafunzi wa chuo cha ualimu aliyetoka Bukoba, alivikagua tena. Waingereza walitaka walimu wajue kuongoza watu. Mtihani wake ulikuwa huu: awashawishi majirani wa mtaa mmoja wa Kariakoo wachimbe mfereji wa maji machafu kwa hiari yao, bila amri wala ujira. Akishindwa, anarudishwa kwao.

Alikuwa amebisha hodi kila mlango. Walimkaribisha kahawa, wakakisifu Kiswahili chake cha kitabuni, wakamwambia inshallah. Kesho yake hakutokea mtu. Maneno matupu hayavunji mfupa, wala hayachimbi mfereji.

Ni Bi Sitara peke yake, mkongwe wa Kizaramo aliyeuza vitumbua pale pembeni, aliyemwonea huruma. Siku hiyo alikuwa akirushiana maneno na Safari, mtani wake wa Kinyamwezi, kikohozi kikamkatiza. Alipopata pumzi alimgeukia kijana.

"Usilie, mjukuu wangu. Nikiwaita mimi, watakuja wote."

Asubuhi ya mtihani mkufunzi wa Kizungu alifika mapema. Leodegar alisimama penye vijiti, akitamani ardhi immeze. Mtaa ulikuwa kimya.

Kisha wakatokea. Wanaume makundi kwa makundi, majembe mabegani, makarai mikononi. Uani kwa Bi Sitara wanawake walikuwa wameteleka masufuria makubwa, na Leodegar akajua hicho ni chakula cha wachimbaji. Mbele ya wote alikuja Safari, amejifunga kanga ya Bi Sitara, kaushika mkongojo wake, anachechemea na kukohoa vilevile kama yeye. Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Leodegar naye akacheka. Bibi wa watu amewaita kweli, alijisemea, na furaha ikamjaa kifuani. Mkufunzi alimpa mkono, akasema hajapata kuona kijana anayekusanya watu namna hii.

Akawaonyesha vijiti. Jembe la kwanza likavipita. La pili nalo likapita.

Safari alisimama mbele yake, akajipangusa macho kwa upindo wa kanga.

"Mfereji utangoja, mwanangu," alisema. "Aliyetuita leo anataka kaburi kabla ya adhuhuri."