Pua ya Mama Mkwe

Wiki tatu Paskalia alikuwa akisukutua kinywa kwa dawa ya njano ya kuzuia kuvu mara nne kwa siku, kisha anaimeza, na wodi nzima inamcheka.

“Mama Ndalahwa, hata kidonda huna! Unatibu nini?”

“Natibu kisichokuja bado.”

Dawa za kansa ya damu zilikuwa zimefyeka kinga yake yote. Daktari alimwonya kwamba kuvu ikiota kinywani au tumboni huweza kupenya hadi kwenye damu, na hapo hakuna sindano za awamu ya pili ya dawa hizo za kansa. Pengine hakuna hata Paskalia. Wenzake waliona ni porojo za kizungu. Yeye alikuwa amepika pombe ya mtama huko Masumbwe miaka ishirini, pombe iliyowahi kumlaza tembo siku mbili, na alijua chachu, ambayo nayo ni kuvu, inavyoanza kimyakimya.

Asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa ya kuamua kama atachomwa sindano hizo. Homa hakuwa nayo. Kilibaki kinywa.

Daktari akawasha tochi. Mama mkwe, mpika pombe mkongwe aliyeshuka na basi la Kahama, akamsukuma kando kwa kiwiko.

“Subiri, baba. Sisi chungu tunakinusa kwanza.”

Akainama mpaka pua ikagusa midomo ya mkamwana wake, akavuta pumzi ndefu. Ndipo daktari akaruhusiwa kutazama: ulimi mwekundu, umelowa, hauna hata doa jeupe.

“Safi,” akasema daktari.

“Nimeshasema mimi!” bibi akafoka, na wala hakuwa amesema. Akaugeukia umati wa vitanda, kifua mbele. “Mkamwana wangu huyo! Haya baba, mchome.”