Udongo wa Ng'ambo ya Ua

Kila asubuhi Mwanakheri alikanyaga beseni la dawa ya kuua wadudu, lango la shamba likanusa nyayo zake, likafunguka. Leo, akienda kuolewa, liligoma.

"Minyoo kwenye mizizi ya mitende," lilisema. "Kuanzia leo shamba limefungwa kwa miaka saba. Hatoki mtu."

"Bibi! Mitende yetu si mizima? Minyoo imetoka wapi?"

"Vua baibui, unywe chai," alijibu bibi yake, akiendelea kutoa tende kokwa. Kucha zake zilijaa udongo mwekundu. Wa kwao ulikuwa mweupe. Mwekundu ulikuwa ng'ambo ya ua, kwa jirani aliyefungiwa shamba mwaka jana kwa minyoo hiyohiyo.

"Bibi, umefanya nini?"

"Nilidhani utalia kidogo, kisha utazoea." Aliweka tende chini. "Sikutaka uende, mwanangu. Naogopa kubaki peke yangu."