Anaganda Akiulizwa

"Ameganda tena!" shangazi akapiga kelele. "Mdomo wazi kama samaki wa jokofu!"

Sebule iliyojaa ndugu na majirani ikaangua kicheko. Mama mwenye nyumba hakucheka. Kwenye televisheni, mwanawe aliye ng'ambo alikuwa ametulia tuli, jicho moja nusu limefumba.

"Umeona, fundi?" mama akasema. "Salamu anatoa vizuri, mizaha anapiga. Nikimuuliza tu anarudi lini, anaganda. Mwezi wa tatu huu. Nataka jibu hilo moja, mwanangu, na mimi nipate usingizi."

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kisanduku cha intaneti. Alipima kasi: ingetosha mtaa mzima kutazama mpira. Akakagua waya uliotoka pale hadi kwenye kompyuta iliyounganishwa na televisheni. Mzima. Akakuna kichwa. Hitilafu gani hii inayosikiliza maswali?

"Labda ni huko kwake," akasema.

"Si ndivyo ninavyomwambia kila siku!" akadakia binti wa mama. Tangu mchana hakubanduka kwenye kompyuta, kidole juu ya kitufe kama mlinzi langoni. "Mtandao wa huko mbovu, basi. Sijui fundi kaitwa wa nini, tena bila mimi kuambiwa."

Akabonyeza. Kijana akafufuka, akicheka.

"Na shati lake lile lile!" shangazi akasema. "Kwani huko hakuna sabuni?"

Watu wakavunjika mbavu. Mama akamwinamia fundi, sauti ya chini.

"Huu waya ukitoka, ataonekana?"

"Aonekane wapi, mama? Intaneti yote ya kompyuta inapita hapa. Ukiuchomoa huu, umemfungia mlango."

"Basi niwekee mwingine. Tujaribu."

Binti akageuka ghafla. "Mama, subiri kwanza..."

Fundi alikwisha kuuchomoa. Taa ya kijani ubavuni mwa kompyuta ikazimika.

"...na dawa zako usiziache, mama," kijana akaendelea kwenye televisheni, meno yote nje. "Haya, nipungieni mkono basi!"

Sebule nzima ikampungia. Mama hakupunga. Wala hakuwa akimtazama mwanawe. Alikuwa akiutazama waya mkononi mwa fundi.