Msitu wa Maji ya Kuoga

Fundi friji alikificha kiatu cha kushoto cha mama mkwe wake ndani ya friji bovu, akafunga mlango wake, akakaa juu ya kreti na kujifanya anakaza skrubu.

Mkewe alikipata kabla chai haijachemka.

"Mama anasafiri kesho," alisema, akikitikisa kiatu mbele ya pua ya mumewe. "Atasafiri na viatu au miguu mitupu. Una nini lakini wewe? Wanaume wenzako hufanya sherehe mkwe akiaga."

Fundi aliinamia skrubu yake. Angejibu nini, kwamba anampenda mama mkwe? Hata friji zingecheka. Ukweli ni kwamba alihitaji maji yake ya kuoga, na hilo mwanamume mwenye adabu hawezi kumwambia mkwe wake, wala binti wa mkwe wake, wala mtu yeyote mwenye masikio.

Uani ndiko kulikoanza balaa lote. Katika mji ambako mvua ni hadithi ya kusimuliwa, na kuku huvuka barabara mchana kwa kurukaruka kwa joto la ardhi, fundi alikuwa ameamua kupanda msitu wa chakula. Mtende wa kukinga jua, chini yake mtini na mkomamanga, pembeni mlonge, na chini kabisa kunde za kufunika udongo usiungue. Majirani wakampa cheo cha Bwana Misitu, wakawa wanamuuliza simba wataletwa lini.

Mkewe hakuwa na utani. Maji yaliletwa na lori, yakamiminwa kwenye tangi, na tangi lilikuwa himaya yake kama jiko. Alimwapisha mumewe mbele ya watoto: hakuna tone litakalofika mtaroni kwenye miti kabla halijapita kwanza kwenye mwili wa mtu. Na msimu huu ukiisha hajaonja tunda hata moja, uani patapigwa sakafu apate pa kuanika nguo. Mifuko ya saruji ilikuwa imeshapangwa kando ya mlango.

Fundi akaapa, akatandaza bomba kutoka bafuni hadi kwenye mtaro unaopita mizizini. Lakini watu wa nyumba ile waliogea kopo moja moja, na miti ikabaki vijiti.

Ndipo mama mkwe akaja kusalimia. Sikio lake moja lilikuwa limestaafu, lakini ulimi ulikuwa bado kazini. Siku ya kwanza alizunguka uani, akauliza kila mti jina lake, akauliza na bomba linatokea wapi, kisha akatoa hukumu.

"Mungu angetaka miti hapa, angeipanda mwenyewe."

Akaomba kopo, akaenda kuoga.

Tangu siku hiyo akawa anaoga asubuhi, adhuhuri na jioni. Binti yake alilia kwamba tangi linakauka, ila nani atamnyima mama yake mzazi maji ya kuoga kwenye joto lile? Akaishia kunong'ona jikoni. "Na kuoga kote huko, mbona bado ananukia kitunguu?"

Fundi hakujali harufu. Maji ya mama mkwe yalifika mtaroni meupe, hayana hata chembe ya povu, naye alimshukuru Mungu kwa kumpa mkwe asiyependa sabuni. Kunde zikatambaa. Mtini ukajivika majani, halafu, kwa uchoyo, ukatoa tini: ngumu, za kijani, ndogo kama kifundo cha kidole. Zilihitaji wiki chache tu ziive. Na mama ndiyo kwanza amekata tiketi.

Jioni hiyo ya mwisho fundi alichuchumaa kando ya mtaro kama mtu aliyekuja kuaga maiti. Mama mkwe aliingia bafuni, maji yakaanza kuja. Yakaushibisha mtini, yakafika kwenye mkomamanga, yakasogea hadi kwenye mlonge ambao haukuwahi kushiba tangu upandwe. Fundi alifurahi mpaka akaona haya.

Maji hayakukatika. Yaliendelea kuja, na kuja, na giza likaanza kuingia. Hakuna mtu anayeoga hivyo. Fundi akakumbuka joto, umri, na ile sakafu ya bafu inayoteleza, akamwona mama wa watu amelala chini na koki imeachwa wazi, huku yeye amechuchumaa anashangilia. Alijichukia.

Mkwe hagongi mlango wa bafu la mama mkwe wake, hata nyumba ikiungua. Alikimbia kumwita mkewe.

"Mama," mkewe aliita mlangoni. "Mama, uko salama?"

Maji tu ndiyo yaliyojibu. Mkewe akasukuma mlango kwa bega, komeo likang'oka. Fundi aliugeukia ukuta, akafumba macho, akaanza kuomba dua zote alizozijua. Saruji imwagwe, alimwambia Mungu, mradi mama awe mzima.

Hakusikia kilio. Alisikia sauti ya mkewe, nyembamba.

"Hebu geuka."

"Siwezi. Ni mkwe wangu."

"Nimesema geuka."

Akageuka. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkavu kabisa, amevaa nguo zake za safari na miwani, akichota maji kwenye beseni chini ya koki na kuyamimina kwenye tundu la sakafu, kopo baada ya kopo.

"Hili la mtini," alikuwa akisema. "Na hili la mtini. Mkomamanga, vumilia kidogo, mwenzako ana mimba."

Aliinua macho, akawaona, akachota kopo jingine.

"Fungeni mlango," alisema. "Hamuoni mtu anaoga?"