Difu Mbili Juu ya Gunia

Mashavu hakukalia kigoda alichopewa pale gereji. Alilizunguka lori lake, akarudi tena mbele ya difu mbili, zile gia za kuzungusha ekseli ya nyuma, zilizolazwa juu ya gunia. Tangu afunge matairi makubwa ya matope, lori lilikuwa limepoteza nguvu, na juma lililopita lilizimika katikati ya mlima likiwa limembeba mama mwenye uchungu. Mtoto alizaliwa palepale, mvuani.

"Dada, matairi haya yanataka difu nyingine," alisema fundi Nyange. "Hii ni ya mbio. Kwenye lami utapaa, ila mlima usahau. Hii ni ya nguvu. Itapanda popote, lakini kwenye lami kila gari litakupita."

Mashavu alitazama saa. Tajiri wa chumvi alikuwa akisubiri jibu lake mchana huo: safari za lami, mwaka mzima.

"Ungekuwa wewe?"

"Mimi siendeshi, dada."

Alichuchumaa, akaizungusha ile ya nguvu kwa mkono. Ilikwenda taratibu, jino baada ya jino, na grisi ikamchafua hadi kwenye kiwiko. Kisha akampigia tajiri simu.

"Tafuta dereva mwingine," alisema, akakata kabla hajajibiwa.

Siku ya pili alasiri, difu ya nguvu ikiwa imeshafungwa, alifika chini ya mlima uleule. Mvua ilikuwa imeanza tena. Aliingiza gia ya kwanza, akaachia klachi polepole, na matairi yakauma matope. Huko juu kijijini watu walisikia muungurumo, wakatoka majumbani mmoja mmoja, wakasimama kando ya njia kutazama kona ya mwisho.